Waya Nilionyoosha

Jumatatu, 3 Juni
Kabula wangu amechaguliwa. Treni ndogo aliyoiunda inakwenda maonyesho ya mafundi mjini Mwanza, Alhamisi. Atakayeshinda anachukuliwa karakana ya reli kujifunza kazi. Nilikuwa napepeta mchele, nikauacha kuku wale. Wale tu.

Hapa Kisesa nani ana binti kama huyu? Nguzo arobaini za umeme wa treni, kila moja fupi kuliko kiganja. Kazitengeneza kwa spoku za baiskeli, kachomelea moja moja. Hakuna hata moja ya dukani. Vile vikombe vya kushikia waya ni shanga za marehemu mama yangu. Nilizitoa mimi. Niandike hilo.

Jumanne, 4 Juni
Nimewapigia dada zangu Magu. Waje Jumamosi tule pilau ya ushindi. Kwaya ya akina mama nayo nimeialika. Kabula kanuna, eti tungesubiri kwanza. Nisubiri nini?

Jirani yangu Mama Shija kanisalimia bombani, "Shikamoo, mama injinia." Tuna umri sawa. Nikamjibu marahaba.

Jumatano, 5 Juni
Kabula kaenda mjini kuangalia meza aliyopewa. Nikapangusa vumbi kwenye treni. Waya wa juu umekaa ovyo. Kwenye nguzo hii umevutwa kushoto, inayofuata kulia, hivyo hivyo mpaka mwisho. Aibu. Kamba yangu ya nguo haijawahi kukaa hivyo. Nikaipinda mikono ya nguzo zote, waya ukapita katikati, umenyooka kama rula. Nikafunika kwa kitenge, nikafunga kwenye boksi kabisa. Sikumwambia. Ataona mwenyewe, atafurahi.

Alhamisi, 6 Juni
Sijala.

Nilisimama mbele na nguo mpya, nikafunua kitenge mwenyewe, nikawatangazia majaji kwamba kila kitu pale ni cha mkono wake peke yake. Mmoja akainama kutazama. Akasema waya wa treni hupelekwa kushoto na kulia makusudi, usije ukausugua mkono wa juu ya treni unaopokea umeme, mahali pamoja mpaka ukakatika. Aliyeunyoosha hivi hajui kazi.

Kabula aliutazama waya. Akanitazama mimi. Akasema, "Nimekosea."

Mdomo huu unaosema toka alfajiri haukusema kwamba ni mimi. Nafasi kapewa mwingine.

Najichukia. Na yule jaji namchukia, ingawa alisema kweli.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemwomba radhi Kabula, jikoni. Akasema, "Sawa, mama." Sawa hiyo imeniuma kuliko tusi.

Mama Shija keshasikia. Kauliza kama pilau bado ipo. Ipo. Dada zangu sikuwazuia. Nitasimama mbele ya kwaya yote niseme nani alinyoosha ule waya.

Jioni Kabula kaanza kuurudisha. Kushoto, kulia, kushoto. Akaniita nimshikie ncha. Nikashika. Sikuvuta.

Wote wanakuja kesho, Jumamosi.