Viazi vya Maji Moto

Mayu, mama yangu, shikamoo. Hapo nyumbani Kambarage mvua imeshanyesha?

Huku kwenye chemchemi ya maji moto kina mama wanatumbukiza vikapu vya mayai na viazi vitamu, na maji yenyewe yanaivisha bila kuni. Nilinunua, nikakaa karibu na bibi mmoja aliyekuja kukanda magoti yake. Akanimenyea yai, akauliza, "Mama yako hukuja naye?"

Nikamjibu kwamba safari ingekuchosha. Nilidanganya. Uliniomba, nikakuambia gari limejaa, ilhali nilijua nafasi ipo. Niliona utatuchelewesha.

Bibi akasema, "Basi mpelekee viazi."

Nimekufungia vitano, ila vitakufikia vimepoa. Nisamehe, mama. Mungu akupunguzie maumivu ya miguu.

Mwanao akupendaye,
Kabula