Mabati ya Nusu Iliyobaki

Kabambare, Jumatano

Yaya Aristote, kaka yangu mkubwa,

Jambo hili sijamwambia mtu mwingine: somo lako la kompyuta nimelijaribu kwa nyumba yetu, na jibu limeniogopesha.

Uliniandikia kutoka chuoni Kindu kwamba mnaiga ngozi ya seli ili kufanya hesabu, na kwamba ngozi nyingine hazipitishi kitu bure. Kimoja kikiingia, kingine kinatoka. Nikachora duara kwa mkaa nyuma ya jiko. Punje za mahindi zikawa vitu, maharage yakawa watu.

Mwaka jana yaliingia mabati ya nusu ya paa, dada yetu Mathilde akatoka kwenda kuolewa Salamabila. Hadi leo hajatuma hata salamu.

Mihogo imekomaa, na mbuzi amezaa mapacha. Jana Mugisho, mfanyabiashara wa dhahabu, alileta mabati ya nusu iliyobaki. Bado yameegemezwa nje. Baba alicheka: "Nyumba ya nusu bati ni kama mutu mwenye kiatu kimoja!"

Nikauliza, "Mama, tunamupa nini?"

"Pepeta muchele, mama," Mama akaniambia, bila kunitazama.

Ndani ya duara limebaki harage moja tu la msichana.

Somo lako linasema kitu kikikosa cha kubadilishana nacho, hakipiti. Jumamosi wanakuja kupandisha mabati. Kesho nitaaga naenda shambani, kisha nitaendelea kwa miguu hadi Wamaza, kwa shangazi Nsimire. Mama akikupigia simu, usimwambie niliko, yaya. Hata akilia.

Darlène