Kungu wa Kochi

Kisiwa cha Arborek, 3 Novemba 1998

Mjukuu wangu Yosina,

Salamu nyingi. Mimi babu yako nina miaka sabini na tisa. Nimewaona Wajapani wakikimbia na Wadachi wakiondoka, nimezika wake wawili na injini tatu za mtumbwi. Naandika mwenyewe, nikimwachia mwalimu wa kijiji aniandikie atakudanganya. Eti huko Japani unalipwa kuhesabu samaki? Kwenye miamba yetu nakutajia aina mia mbili chai haijapoa. Huko ziko ngapi?

Babu yako, Zakarias

Kochi, 2 Desemba

Babu, shikamoo. Mzima, ila baridi.

Umeshinda. Hapa aina hazifiki nusu ya zetu, na ukizidi kwenda kaskazini zinazidi kupungua. Lakini bahari inapata joto, na samaki wa kwetu wanahamia huku. Jana wavuvi walinasa kungu wa kilo nane! Hawamjui. Kapteni Nishimori akaniuliza, "Binti, huyu si wa kwenu? Analiwa?" Nikamcheka: "Kungu? Kwetu tunagombania mchuzi wake!" Wamemgandisha, tutamla mwaka mpya. Kichwa nimepewa mimi, nitakipika kwa manjano.

Mjukuu wako, Yosina

Arborek, 20 Desemba

Yosina, salamu baadaye. USIMLE!

Kungu uliowala kwa mama yako ni wadogo. Mkubwa hivyo ana sumu, moto hauitoi, na kichwani ndiko ilikojaa. Ndugu yangu Korneles alimla mwaka wa sitini na nne. Midomo ikafa ganzi, maji ya kisima yakamuunguza kama makaa. Tangu hapo, kila katazo la kuvua mwambani likiisha tukavua, sisi wazee huwatupa wakubwa kabla mtumbwi haujafika ufukoni. Ndiyo maana hujawahi kumwona.

Mwenye meli ipelekayo barua mjini Sorong nimemwambia barua hii ikichelewa namng'oa meno.

Babu yako

Kochi, 3 Januari 1999

Babu, shikamoo. Mbona kimya?

Sikukuu ilifana, mimi na wavuvi, wote tisa, tuliramba sufuria. Tangu juzi tumbo linaniendesha, na kapteni kalala tu. Baridi ya huku nayo ina vituko: nikinawa, maji ya bomba yananiunguza vidole kama makaa. Nitazoea.

Mjukuu wako

Arborek, 29 Januari

Yosina, hiyo si baridi.

Nendeni hospitali wote tisa, mtaje kungu. Samaki kafika huko, onyo lake nililikalia mimi hapa. Nilipenda mama zenu na ninyi watoto mjue kuna jambo tunalolijua sisi wazee tu. Sasa unajua kwa nini hukuambiwa.

Niandikie neno moja, kwa mkono wako.

Madaktari wakibisha, shahidi wangu ni Korneles. Miaka thelathini na mitano hajagusa samaki, lakini yupo, kakaa hapa ananihimiza nimalize, meli inaondoka. Alama ya dole gumba hapo chini ni yake.

Babu yako