Kelele Moja Katikati ya Chumba

Jumatatu, 10 Juni
Tasnifu imechapwa! Jalada jeusi, jina langu kwa dhahabu. Miaka minne kwa ufupi: chukua mlinganyo, punguza epsiloni, ile namba ndogo iliyomo ndani yake, ikaribie sifuri, na suluhisho zima linalala chini kama shuka — isipokuwa mahali pamoja panapochomoza kilele. Kinakaa wapi? Mimi nasema: katikati ya eneo lake, tuseme chumba, mbali na kuta. Basi. Ijumaa naitetea. Mama kauliza kina faida gani. Nikasema nitamjibu nikishakuwa daktari. Akanijibu: eti daktari asiyejua kupiga sindano!

Jumanne, 11 Juni
Ole wangu! Mchapaji "kanisaidia." Kila nilipoandika kilele, kaweka kelele. Mara tisini na tatu! Alidhani nimekosea. Sasa nathibitisha mbele ya jopo kwamba kelele moja hukaa katikati ya chumba. Nimecheka mpaka machozi. Kisha nikaketi kusahihisha kwa mkono, moja moja.

Jumatano, 12 Juni
Sicheki tena. Ukurasa wa tatu nimeandika: ukutani hakipenyi kitu. Ukurasa wa arobaini na moja, mimi huyuhuyu, bingwa, nimelifanya suluhisho liwe sifuri ukutani. Masharti mawili tofauti kabisa! Kwa lile la kwanza, ambalo ndilo la mlinganyo wangu, kilele hakikai katikati hata kidogo. Kinakimbilia ukutani, pale panapopinda zaidi. Miaka minne nakisaka sebuleni! Bila kelele za mchapaji nisingeona.

Alhamisi, 13 Juni
Nimekwenda kwa profesa wangu kuungama. Wanafunzi tunamwita Mzee Epsiloni — mfupi, na kila mwaka anazidi kupungua. Nikamsimulia habari za kelele. Akacheka hadi miwani ikadondoka. Akasema kaisoma tasnifu yote, safi kabisa. Yote! Nikasema asante, nikatoka. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 14 Juni
Dakika arobaini, hakuna aliyegusa ukurasa wa arobaini na moja. Mwenyekiti kafunga kalamu. Mama, kiti cha nyuma, mikono tayari kwa makofi. Nikasikia mdomo wangu, bila idhini yangu: samahani, ukurasa wa arobaini na moja una kosa. Langu, si la mchapaji.

Wametutoa nje wajadiliane. Nimeketi, nimebanana na ukuta wa korido, begi mapajani, naandika. Mama ananinong'oneza: sasa ndiyo umefaulu, au? Sijui, mama. Naogopa. Mlango umefungwa, lakini Mzee Epsiloni anasikika juu ya wenzake wote.

Kelele moja. Katikati ya chumba.