Ombi la Kukufuata

Butembo, Vulamba

Kwa mdogo wangu Phinées,

Pokea salamu zangu nyingi katika jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kampala, wewe na huyo mama wa nyumbani kwako ambaye bado hatujajulishwa jina lake. Sisi huku tupo, Mungu anatulinda. Juu ya afya yako sina haja ya kuuliza sana, maana sasa picha zako nimeziona: umenenepa, shingo imejaa, na koti lile linakukaa vizuri. Kwa mtu tuliyekwisha kumzika, kwa kweli unapendeza.

Nianze na habari za nyumbani, kwa kuwa umezikosa. Lile lori la samaki lilipochomwa njiani karibu na Beni, tuliambiwa kwamba abiria wote waliungua hata hawatambulikani. Watu wa Kyavinyonge, kule ziwani, walikuona ukilipanda. Hakuna aliyekuona ukishuka. Basi wazee wa ukoo wakakata shina la mgomba, wakalivika shati lako la kanisani, tukalizika badala ya mwili wako, kama inavyofanywa kwetu mtu asipopatikana. Mama alililia lile shina mpaka sauti ikakauka. Mimi ndiye niliyelishika upande wa kichwa tulipolishusha, na nilikuwa nalishusha polepole, lisije likaumia. Mke wako Marie-Jeanne alivaa nguo nyeusi, siku zikapita akazivua, na sasa ameolewa na Ézéchias, yule mwalimu wa kwaya uliyekuwa ukiicheka miguu yake. Watoto wako wanamwita papa. Ni mwanaume anayerudi nyumbani jioni, na mwanzoni hilo liliwashangaza sana.

Sasa nikueleze nilivyokupata. Rafiki yangu Joyeuse, muuguzi wa Beni, ndiye aliyeniingiza katika mtandao ule wa kijamii. Nilimwambia ninayo mingine tayari inayonipotezea siku. Akasema huu hauna tajiri mmoja anayeumiliki. Ni kama parokia zetu, kila kundi lina seva yake na watu wake wa kuitunza, lakini wa seva hii wanasikilizana na wa seva ile. Ugumu wake ni kwamba hakuna anayekuletea watu mbele ya macho. Unaingia, unakuta ukimya kama soko siku ya salongo, watu wote wakiwa kwenye kazi za usafi, na lazima utafute mwenyewe: unafuata neno lenye alama ya reli, #, mbele yake, unamwona anayeliandika, unachungulia na yeye anawafuata akina nani, hivyo hivyo mpaka upate watu wako. Tena seva ndogo kama hii yetu ya Beni haimjui mtu wa mbali kabisa mpaka mmoja wetu awe amekwenda kumtafuta. Joyeuse akanishauri nianze na kitu ninachokipenda. Mimi nauza samaki, Phinées, nipende nini kingine? Nikafuata neno Kyavinyonge.

Nikampata mama mmoja wa Kasese anayekausha tilapia. Katika watu anaowafuata nikamkuta mtu anayejiita Mwana wa Ziwa. Hakuonyesha sura, alikuwa na picha ya mtumbwi tu, na mambo yake mengi aliyaficha kwa wale anaowakubali. Lakini machache aliyaandika hadharani, na siku moja akasimulia jinsi papa yake alivyonaswa chooni kwa mchungaji siku ya Jumapili, kiboko amesimama mlangoni, naye akaimba besi kutoka humo humo ndani ili kwaya isiharibike. Nilicheka mpaka nikaegemea gunia la chumvi. Halafu kicheko kikakatika. Papa yetu alituapisha tusimsimulie mtu jambo lile, na papa alikwisha kufa. Tuliobaki nalo ni mama, mimi, na shina la mgomba.

Nilimsomea mama. Alicheka, akalia, akanifuta machozi mimi badala ya kujifuta yeye. Unajua moyo wake haupigi sawa tangu kilio chako, na mganga wa hospitali alishatuambia tusimfiche furaha wala tusimletee mshtuko. Nilidhani atataka urudi. Hakutaka. Alisema, "Minataka tu nisikie sauti yake mara moja. Kurudia huku, hapana lazima." Hilo tu, Phinées. Sauti.

Nikakutumia ombi la kukufuata kwa jina langu kamili, pamoja na ujumbe wa siri: kwamba hatukuulizi kitu, hatutamwambia Marie-Jeanne, urekodi tu neno moja kwa ajili ya mama. Kila asubuhi, kabla ya chai, aliniuliza kama umeshafungua. Nilimjibu kwamba mtandao ni mbaya. Kumbe ulisoma, ukalikataa ombi, na ukanifungia mlango nisikuone tena. Nilikuchukia siku ile, na sioni aibu kuiandika. Nilitaka lori liwe limekuchoma kweli.

Hukujua kwamba Joyeuse naye anakuona. Kupitia kwake nilijifunza unachokifuata. Kuna neno ambalo watu wetu hutangazia misiba ya Butembo, na hapakuwa na tangazo moja ulilolipita. Kwa kila marehemu uliandika maneno mazuri, poleni sana, Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Hata kwa watu wa Kasugho ambao hukuwajua. Nilimwambia mama ukweli wote. Alitafakari akichambua maharagwe, akasema, "Mais ule anapendaka bamama benye kufa. Benye kuwa bazima, hapana."

Basi tukatangaza kifo chake pale pale, kwa lile neno unalolifuata. Ulijibu kabla ugali wa mchana haujaiva. Uliandika jina lako halisi mbele ya kila mtu, ukakiri kwamba ulishuka kwenye lori ili ununue sigara, ukausikia moto, ukaona njia imefunguka ya kuachana na maisha yako ukaishika. Ulikubali ombi langu, ukanifungulia kila kitu, nikamwona mke wako wa huko na hilo koti. Ukatuma sauti, ndefu, ukilia kwa kilugha chetu, ukimwita mama, ukituomba tusimzike mpaka ufike, na kwamba mtu akungojee Kasindi, mpakani.

Usije, Phinées. Hakuna wa kukungojea Kasindi, kwa maana hakuna wa kuzikwa. Mama yuko hapa mbele yangu, amekaa kwenye mkeka, anataka nimalize kuandika nimsaidie kutwanga majani ya sombe. Lile tangazo alilitunga mwenyewe. Aliniambia, "Donc andika kama nilikufa," akachagua na picha, ile ya kitenge cha zambarau, akisema katika nyingine anaonekana mzee. Mimi niliogopa dhambi, yeye hakuogopa. Sauti yako ilipofika aliisikiliza mpaka mwisho, simu ameibana sikioni kwa mikono miwili. Akaniomba niirudishe mwanzo. Tangu hapo anaisikiliza kila siku baada ya sala, anajua mahali unapokohoa. Amepata alichokuwa anakitaka. Nilipomwuliza kama nikwambie uje, alitikisa kichwa, akasema unalia vizuri, uachwe ulie.

Barua hii ataileta Jean-de-Dieu, dereva wa basi, maana kule mtandaoni sasa ni mimi niliyekufungia mlango. Joyeuse anakusalimia. Marie-Jeanne na Ézéchias wanakusalimia. Walisoma kama wengine wote. Watoto wako nao wanakusalimia, ingawa yule mdogo aliuliza kwanza wewe ni nani. Msalimie mama wa nyumbani kwako.

Mama hakusalimu. Nilipomwuliza niandike nini kutoka kwake, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga, akasema mutu mwenye kufa hapana salimia mutu.

Ni mimi dada yako mkubwa, yaya yako,
Agar