Picha ya Kutangulia Jeneza

Jumapili, baada ya chakula cha jioni

Eti nimekaa kama gari bovu! Ndivyo alivyosema mjukuu wangu Skola, mpiga picha wa mashindano ya magari. Nami nilikuwa nimevaa suti na kukaza shingo, anipige picha itakayotangulia mbele ya jeneza langu.

Akanionyesha kazi zake. Katika picha moja gari limeganda, hata matairi. Nikasema hilo limeegeshwa. Akacheka, akakubali. Nzuri ni ile nyingine: dereva anaonekana wazi, lakini magurudumu na miti ya nyuma vimefifia, kwa sababu kamera ililifuata gari.

"Basi nami nipige hivyo."

"Kwa mwendo wako huo, mume wangu? Konokono atakupita!" akanitania Skola, kama wajukuu wanavyowatania babu zao.

Akapunguza kasi ya kamera, akanifuata nikijikongoja na mkongojo hadi kwenye kichanja cha kuanikia kahawa. Uso wangu umetoka vizuri, na mibuni yote nyuma imefifia kama vile nakimbia.

Padri nilimwambia niko tayari kufa. Si kweli. Naogopa, tena sana.

Lakini picha ni hiyo. Watakaobeba jeneza wajitahidi tu kuifikia.