Usitume Nguo, Dada Eufrazia

Mgeta,
S.L.P. ya Misheni,
Morogoro.
Jumapili, 19 Julai 1998.

Mpendwa dada Eufrazia,

Shikamoo dada. Habari za Tabora, na mguu wako unaendeleaje? Mwanao Dennis na wanawe hawajambo? Sisi huku tunapumua, na kwa kipupwe cha mwaka huu pumzi yenyewe unaiona ikitoka mdomoni kama moshi. Barabara haijapona tangu zile mvua. Kabichi zinaozea shambani huku gazeti linaniambia soko sasa ni huria. Nalisoma lote mpaka matangazo ya vifo, kama unavyonijua.

Telegramu yangu ya tarehe sita ilikwambia kwamba Josephina amejifungua mapacha, Kulwa amefariki, Doto na mama wazima. Zaidi ya hapo haikusema. Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana mara tatu, maana Josephina ni binti yako, hao ni wajukuu zako wa kwanza kwa binti, na ulipoondoka ulimwacha mikononi mwangu mimi mjomba wake.

Hapa zahanati tuna mkunga anaitwa Magreth. Hukumkuta, alihamia baada ya wewe kwenda kwa Dennis. Ni mtu wa sauti ya chini, hata akikukatalia unadhani amekubali. Mwezi wa tatu alirudi kutoka semina Morogoro akaitisha mkutano wa kijiji. Alikuja na karatasi yenye picha ya kangaruu, yule mnyama anayeweka mtoto kwenye mfuko wa tumbo. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa hapa nisiye na cheti, nikapewa niwasomee watu.

Ilisema hivi: mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, au mwenye uzito mdogo, asiogeshwe. Akaushwe, avishwe kofia, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, afungwe na kitenge, akae hapo usiku na mchana. Walikojaribu walipima, wakahesabu waliokufa na waliopona, na ndipo wakasema.

Nami nikaongeza ya kwangu. Nikawaambia watu kuwa wataalamu wamekaa vikao miaka na miaka, na hatimaye wamegundua kwamba mtoto abebwe na mama yake. Kijiji kizima kilicheka. Magreth naye akatabasamu.

"Ndiyo, mjomba," akasema. "Na sisi bado tunawatoa kifuani."

Ijumaa ya tarehe tatu mwezi huu Josephina akashikwa na uchungu, mwezi wa nane wa mimba haujaisha. Mumewe, Evance, alikuwa Dar na lori la karoti. Bibi Ester, yule jirani yetu mwogesha watoto, alimsindikiza zahanati. Alfajiri ya Jumamosi wakatoka wawili, msichana kisha mvulana. Hakuna aliyetegemea wawili. Kulwa alikuwa na kilo moja na robo tatu, Doto hakufika hapo. Magreth akawakausha, akawaweka wote wawili kifuani kwa mama yao, akafunga kitenge. Akasema wasitolewe mpaka yeye aseme, kisha akaenda jengo la pili, maana ilikuwa siku ya kupima watoto uzito na kina mama walikuwa wamejaa.

Hapo ndipo nilipofika mimi.

Wiki mbili kabla nilikuwa nimeshuka mjini kununua betri za redio, nikapitia mitumba. Tangu mambo yawe ruksa, dada, nguo za watoto wa Ulaya zimemwagwa pale chini kama mahindi. Nilichagua sweta ya njano yenye vifungo vya mbao, kofia yake na soksi zake. Ilikuwa kama haijavaliwa. Nikajiona mjomba wa kisasa.

Nikamkuta Josephina amelala chali, watoto wamefichwa ndani ya kitenge, vichwa vina utando bado. Pale nje wamejaa watu wa ukoo wanaosubiri kuona. Nikasema mtoto wa kwanza wa nyumba hii hawezi kupokelewa mchafu.

"Nesi amekataza, mjomba," Josephina akasema.

"Nesi amekataza watu wasiojua. Mimi karatasi yake nimeisoma hadharani."

Unajua kwetu Waluguru neno la mjomba lina uzito gani kwa mtoto wa dada yake. Alinitazama, akalegeza kitenge. Bibi Ester alipasha maji, akamwogesha Kulwa kwa mikono miwili, polepole, kama alivyotuogesha sisi. Usimlaumu. Alifanya alichoambiwa na aliyejifanya kujua.

Nikamvisha mwenyewe. Sweta ilimpwaya, lakini alipendeza, dada. Tukamlaza kwenye kitanda cha pili, karibu na dirisha, ili watu wapite wamwone. Wakapita. Kila mmoja alifunua kidogo, akasifu, akafunika.

Nguo zilikuwa za mtoto mmoja. Doto nikamwambia asubiri, mjomba atashuka tena mjini. Basi akabaki pale kifuani kwa mama yake na uchafu wake, bila kuogeshwa na bila kuonwa na mtu.

Nilijivunia jinsi Kulwa alivyotulia. Nikawaambia wageni kuwa huyu ana adabu, halii.

Saa sita Magreth akaingia. Alivua soksi moja, akashika wayo, kisha akamvua Kulwa kila kitu na kumrudisha kifuani kwa mama yake, akawafunika wote kwa blanketi na koti lake mwenyewe. Akatuma mtu kutafuta gari. Gari lilipatikana saa kumi na nusu. Kulwa alikuwa ameshaondoka saa tisa.

Nilimwambia Magreth kuwa sweta ilikuwa nzito, ya sufu tupu. Nilikuwa bado nabishana, fikiria.

"Sweta haina moto, mjomba," akanijibu. "Inatunza moto alionao mtu. Huyu alikuwa hana."

Angenitukana ningepata pa kushika nikajitetea.

Tulimzika Jumapili, upande wa mama yetu. Nilitaka avishwe ile sweta. Josephina akakataa, akamfunga kwa kanga aliyojifungulia. Ni mara ya kwanza ananikatalia, na kama angeanza siku moja mapema ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Sasa Doto. Mtoto huyu aliyekosa nguo ananyonya na anaongezeka. Jana Magreth alimpima akacheka mwenyewe. Lakini hajafikia uzito wa kuachwa peke yake, na baridi yetu unaijua, itafika mpaka Agosti. Josephina hajalala kitandani kwa raha wiki mbili sasa. Mgongo unamuuma, macho yameingia ndani. Evance humpokea jioni akirudi kutoka kupakia malori, anavua shati na kumfunga mtoto. Wenzake wanamwita mama Doto. Anaitika.

Magreth anasema hata bibi anaweza, hata babu, hata mjomba, alimradi ana kifua na hana kikohozi. Mimi sina kikohozi. Kila asubuhi nakwenda, Josephina ananiamkia vizuri, ananipa kigoda, ananiuliza habari za redio. Mtoto hanipi, nami sijathubutu kumwomba.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Christina, mke wa Dennis, ameandika kwamba unafuma sweta ya Doto. Usiitume, dada. Usitume nguo yoyote. Kama mguu unaruhusu, panda treni uje wewe mwenyewe. Evance atakusubiri stesheni Morogoro na lori. Josephina apate mtu wa kumpokea, mtu atakayempa mtoto bila kusita. Yanayonihusu mimi utayasema ukifika, nami nitasikiliza nimekaa chini.

Msalimie Dennis, Christina na watoto wote. Bibi Ester anakusalimu. Tangu siku ile hajaogesha mtoto wa mtu. Magreth anakusalimu pia, ingawa hamjaonana.

Mungu akupe mguu wa kuupanda mlima huu, na akukutanishe na mjukuu wako akiwa bado amefungwa kifuani.

Mdogo wako akupendaye, hata ukiwa umenikasirikia,

Ernest